Bustani ya Mfalme Ndani ya Mikebe

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hivyo mwenye kusoma akiona nimeacha jambo katikati nikashika lingine, anivumilie. Lakini ukitaka habari za wafalme wa Ufaransa, bustani zao, maua yao na zile picha walizochorwa wakiwa wamesimama kama jogoo, hapo sidhani kuna mzee wa Makadara hapa Nairobi atakayenishinda. Nilifundishwa na mwanamke Mfaransa niliyekuwa nikimtunzia bustani upande ule mwingine wa mji, miaka ya sabini ikielekea kuisha. Siku za mvua hakuna kazi ya bustani. Wazungu wengine mvua ikinyesha wanakutafutia madirisha ya kupangusa. Huyu alikuwa ananiita barazani, ananipa chai kwenye kikombe kama chake, si cha bati, halafu anatoa kitabu kikubwa ambacho ukikipakata damu inasimama miguuni.

Nilimwita Madamu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, basi tulielewana kwa vidole zaidi. Anaweka kidole juu ya mfalme mmoja mwenye nywele za bandia mpaka kiunoni, soksi nyeupe, viatu vya kisigino, mguu mmoja mbele. Anasema, "Huyu kubwa sana. Huyu nataka bustani pahali ya matope." Ndivyo ilivyokuwa. Mfalme alikuwa na ardhi nzuri tele, lakini akachagua kinamasi, akaleta watu wakachukua udongo kwa vikapu miaka na miaka, wengi wakafa kwa homa. Nikamuuliza Madamu hao waliokufa wamechorwa ukurasa gani. Akafunua, akafunua, akafika mwisho. "Hapana iko," akasema, na akafunga kitabu siku hiyo.

Kuna habari ya maji ambayo niliisimulia mtaani mpaka watu wakanichoka. Mfalme alikuwa na chemchemi nyingi za kurusha maji juu, lakini maji hayakutosha kuzirusha zote pamoja. Akitoka kutembea, wafanyakazi walijificha kwenye vichaka. Akikaribia chemchemi, mmoja anapiga mluzi, mwingine anafungua. Mfalme akishapita, wanafunga, maji yanakimbizwa mbele yake. Kwa hivyo yeye tangu azaliwe hakuwahi kuona chemchemi kavu. Sisi kwenye nyumba zetu za kanjo, za baraza la mji, maji yalikuwa yanakuja asubuhi kidogo yanapotea, na mwenye kuyaona kwanza alikuwa anagonga kifuniko cha sufuria wengine watoke na ndoo. Nikiwaambia habari hiyo pale mferejini, mama mmoja alikuwa ananijibu, "Basi mwambie mfalme wako atembee huku kwetu, labda yatafuata."

Lakini lililonikaa kichwani kuliko yote ni habari ya vyungu. Mfalme alikuwa na nyumba ndogo ya kupumzikia, na mbele yake maua ambayo hayakunyauka hata siku moja. Mgeni akilala pale, jioni anaona bustani nyekundu, asubuhi anaamka anakuta nyeupe. Siri yake ni kwamba maua hayo hayakuwa yamepandwa. Yalikuwa kwenye vyungu, maelfu, na vyungu vimefukiwa mpaka shingoni. Likinyauka moja linang'olewa na chungu chake, linatiwa jingine. Mimi mtu wa jembe nilicheka mpaka chai ikamwagika. Madamu naye akacheka. Hatukujua tunacheka nini.

Sasa niseme juu ya mke wangu, maana habari hii ni yake.

Alikuwa anachambua kahawa kiwandani, kule Industrial Area, yeye na wanawake wengine wamekaa mstari, mikono inakimbia juu ya buni kutwa nzima. Siku moja alirudi viatu vimeshindwa kumwingia, akavibeba mkononi. Miguu ilikuwa imevimba kama imetiwa pampu. Hospitalini daktari akasema moyo wake umekuwa mkubwa. Nitasema ukweli, mimi nilidhani anamsifu. Nikasema ndiyo daktari, ana roho nzuri huyu. Yule daktari akanitazama, akaeleza upya polepole, na mke wangu akanifinya mkono ninyamaze. Walimlaza na dawa wiki tatu, kisha wakasema turudi naye nyumbani, tumkalishe vizuri. Mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa.

Mdogo wake alikuja kutoka kwetu magharibi kumwangalia, kwa kuwa mimi nilikuwa natoka alfajiri kwenda kwa Madamu. Tulikaa watatu kwenye chumba kimoja na pazia katikati. Binti zetu wawili walikuwa nyumbani kwa mama yangu. Mkubwa alikuwa na miaka minne, mdogo alikuwa bado anashika kuta. Ndio waliokuwa wakimkosesha usingizi, kuliko hata kifua.

Siku moja Jumapili aliniambia, "Mzee, mimi sina picha."

Nikasema, "Picha ya nini?"

"Yangu. Hata moja. Watakua, watauliza mama yetu alikuwa nani. Utawaonyesha nini? Utawaonyesha sufuria?"

Nikafikiria, nikaona ni kweli. Hatukufunga ndoa kanisani, tulianza tu kukaa, kwa hivyo picha ya harusi haikuwepo. Kitambulisho zamani kilikuwa cha wanaume peke yao, na wanawake walipoanza kuitwa wakaandikishwe, yeye alikuwa tayari hawezi kusimama kwenye foleni. Mwanamke amekaa duniani miaka thelathini na kitu, na hakuna karatasi hata moja iliyomwona.

Nikamwambia tutakodi gari la mkono nimpeleke studio pale madukani. Ilikuwa chumba kidogo chenye pazia lililochorwa ziwa na ndege weupe wa shingo ndefu. Nusu ya mtaa wetu imepigwa picha kando ya ziwa lile, ukienda nyumba hii unalikuta, ukienda ile unalikuta.

"Sitaki kitambaa," akasema. "Watoto watajua ni uongo. Wewe kila siku unanihadithia malkia amekaa kwenye maua. Mimi nitakaa kwenye ziwa la rangi?"

Ni kosa langu, nilikuwa nimemjaza hizo habari. Jioni nilikuwa namkanda miguu huku nikimweleza kurasa nilizoonyeshwa. Aliyempenda ni malkia mmoja wa mwisho mwisho, aliyechorwa na ua la waridi mkononi, amevaa gauni jeupe la pamba na kofia ya majani, kama mtu anayekwenda shamba. Watu walipoiona ile picha walikasirika, ikaondolewa, akachorwa upya na hariri.

"Walikasirika kwa nini?" mke wangu aliuliza.

"Walisema amechorwa na shimizi."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, mdogo wake akatoka nyuma ya pazia kututazama. "Malkia mzima, shimizi! Na mwisho wake huyo?"

Nikasema alizeeka bustanini mwake. Kitabu hakikusema hivyo. Madamu alikuwa amepitisha mkono shingoni, hivi. Lakini mtu anayekandwa miguu humwambii hayo.

Basi alitaka maua yaliyoota ardhini, na kiti katikati, na yeye kwenye kiti, gauni lake la samawati la kanisani. Na alitaka isiwe habari ya mtaa. "Usimwambie mtu," akasema. "Watasema huyu anaumwa na bado anajipamba."

Nje ya mlango wetu palikuwa na uwanja kidogo, hatua kumi kwa sita, udongo mweusi ule ambao wakati wa jua unapasuka mtoto anaweza kupoteza kiatu, na wakati wa mvua unakuvua kiatu mwenyewe. Kuotesha maua pale ni kazi ya mwaka, na mbuzi za watu zimo. Na mwaka mimi sikuwa nao. Ndipo nikakumbuka vyungu vya mfalme.

Nilimwomba Madamu nafasi nyuma ya gereji. Sikumweleza vizuri ni kwa nini, nikasema mama ya watoto anapenda maua. Akasema chukua, chukua, maana yeye mwenyewe alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Nikakusanya mikebe mikubwa ya mafuta ya kupikia, nikaitoboa chini kwa msumari, nikatia mbolea na majani yaliyooza, nikapanda. Mikebe arobaini. Dalia nyekundu, waridi za kukatia, maua ya njano madogo ya kufunga mstari, na yale meupe yanayopenda maji, yaliyojikunja kama karatasi ya kuuzia njugu, na kijiti cha njano ndani. Hayo ndiyo yaliyoshika haraka kuliko yote. Nikayaongeza. Ikafika miezi miwili, mikebe ishirini na zaidi ni ya hayo meupe.

Hapa ndipo niliposhindwa na akili. Mimi nilikuwa nimekaa na hayo maua miaka mingi, nayakata kila Ijumaa kwa ajili ya meza ya Madamu, mpaka nikasahau kwamba huku kwetu yanaonekana pahali pamoja tu. Nyumba za Eastlands wakati ule hakuna mtu aliyeweka ua mezani. Ua jeupe likiingia mtaani linakuja na sanduku la maiti.

Mpiga picha alikuwa kijana wa pale studio, suruali pana chini, chanuo limesimama kwenye nywele. Alikubali kuja nyumbani Jumamosi, saa tatu. Akaniambia, "Buda, jua likipanda, pua inatupa kivuli. Tafuta shuka nyeupe, safi kabisa. Mtu ataishika pembeni, imulike mathe usoni." Nikamwambia itapatikana.

Shuka nyeupe hatukuwa nayo. Kiti cha maana pia hatukuwa nacho, tulikuwa na viti vya kukunja na kigoda. Ijumaa jioni nikabisha kwa mama wa mlango wa pili, mtu wa Murang'a, mkubwa wa akina mama wa kanisa. Nikamwambia, "Mama, naomba uniazime kile kiti chako cha mikono. Na kama una shuka nyeupe."

Akaweka mkono mdomoni. "Ni ya leo, shemeji?"

"Ya kesho asubuhi."

"Pole sana."

"Asante."

"Na yeye dada yake amejua?"

"Anajua, ndiye atakayemvalisha."

Akanishika bega. Mimi nikadhani ni pole ya ugonjwa, maana walikuwa wananipa pole kila siku. Akanipa shuka imepigwa pasi, akasema kiti kitaletwa. Nikaenda zangu nimefurahi namna watu walivyo wazuri.

Mwenye kuishi mtaa ule anajua desturi yetu. Kukiwa na msiba hakuna anayeulizwa wala kuombwa. Mtu akisikia, anabeba kiti chake, anakwenda kukiweka nje ya mlango wa wafiwa. Mwingine analeta turubai, mwingine kuni. Ndani ya saa moja uwanja umejaa viti vya kila namna na hakuna aliyetoa amri. Ni jambo zuri. Nimelifanya mara nyingi mwenyewe.

Usiku huo nililala kwa Madamu kwenye banda la vifaa ili nitoke mapema na mkokoteni. Tulisukuma, mimi na mwenye mkokoteni, mikebe arobaini, tukapitia barabara ya Jogoo jua likitoka, mabasi yanatupigia honi, na watu wanavua kofia. Hata hilo sikulielewa. Nilidhani wanastaajabia maua.

Tukachimba kwa mtaimbo. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi kama nilivyoona kwenye kitabu: njia moja iliyonyooka, duara katikati, mistari ya njano pande zote, dalia kwenye pembe nne, meupe kuzunguka kiti. Nikafukia kila mkebe mpaka bati lisionekane, nikamwagia maji kupoza udongo. Saa tatu nikasimama mlangoni nikatazama. Jamani. Nimefanya kazi ya bustani miaka thelathini na sijaona kitu kama kile. Ulikuwa uwanja wetu ule ule wa matope na maganda ya viazi, na mbele yangu kuna bustani ya mfalme. Madirisha ya jirani yalikuwa yamefunguliwa na hakuna aliyesema neno, nami nikasema moyoni, wamenyamazishwa na uzuri.

Kiti kikaja, kimebebwa kichwani na mama wa mlango wa pili mwenyewe. Akakiweka pale nilipomwonyesha, katikati ya duara, akaguna kidogo, akarudi.

Saa nne, amechelewa saa nzima, kijana wa picha akafika na kamera yake ya miguu mitatu. Ndani, mdogo wake alikuwa amemaliza. Gauni la samawati, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nyuma, mafuta usoni. Alikuwa amekonda mpaka gauni limemzidi, lakini uso, uso ulikuwa unang'aa. Nitasema alitoka mlangoni anatabasamu. Hilo nalikumbuka kama neno, kwamba alitabasamu. Tulimshika huku na huku, akatembea ile njia ya katikati polepole, akagusa dalia moja na ncha ya kidole.

"Zina mizizi?" akaniuliza.

"Zina mizizi," nikasema, na haukuwa uongo.

Akakaa. Mdogo wake akasimama pembeni ameishika shuka. Kijana akaingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi, akatoa mkono nje akasema, "Mathe, tulia hivyo hivyo. Usitingishike."

Ndipo wakaanza kuja.

Walitoka pande zote, kwa sababu walikuwa wamepatana saa nne. Kwanza wanaume wawili na turubai lililokunjwa mabegani. Kisha wanawake, mstari, kila mmoja na kiti kichwani, khanga zimefungwa kiunoni, na mama wa mlango wa pili mbele yao ameanzisha wimbo wa kanisani, ule wa kusindikiza. Mmoja wa nyuma, ambaye hakuweza kuona mbele kwa sababu ya kiti chake, alikuwa amekwisha anza kulia kwa sauti, anamtaja mke wangu, anauliza nani sasa atawalea watoto.

Wa mbele waliona. Wimbo ukakatika mdomoni. Walisimama pale na viti vichwani, na yule wa nyuma akaendelea kulia peke yake mpaka mtu akamvuta nguo.

Mke wangu aliwatazama. Akatazama turubai. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, ni nani amekufa?"

Mama wa mlango wa pili akaanza kusema, "Mama, tusamehe, sisi tuliambiwa kiti, na shuka..." na akaishia hapo.

Mke wangu akageuka akaiona shuka nyeupe mikononi mwa mdogo wake. Akainamisha macho kwenye maua yaliyozunguka miguu yake, nadhani ndipo alipoyaona kweli.

"Kumbe ni mimi," akasema, akainuka ghafla. Na kijana wa picha, ambaye chini ya kile kitambaa alikuwa hasikii wala haoni ila kiti, akabonyeza.

Alirudi ndani kwa miguu yake, hakushikwa na mtu. Ilikuwa wiki nyingi hajafanya hivyo.

Nilimfuata. Alikuwa amelala ametazama ukuta, gauni bado mwilini. Nikamweleza yote, jinsi mfalme alivyofukia vyungu, jinsi mimi nilivyofukia mikebe, kwamba watu walikosea tu. Nilieleza vibaya. Nilisikia mwenyewe ninavyoeleza vibaya.

Akaniuliza, "Hayo ya mfalme yalikuwa yakinyauka wanafanyaje?"

"Wanabadilisha."

"Basi nawe badilisha."

Nilimwita kijana tena Jumanne, nikamwambia aje mlangoni na ile kamera ndogo, apige hata akiwa kitandani. Mke wangu aliposikia hatua zake, akajifunika blanketi usoni. "Mmeshanizika," akasema chini ya blanketi. "Maiti hapigwi picha." Mdogo wake alimbembeleza kwa lugha ya kwao, akamtajia watoto. Blanketi halikushuka. Kijana akasimama pale akichezea chanuo lake, akaniambia taratibu, "Buda, twende tu," tukatoka. Akina mama nao walikuja mmoja mmoja kuomba msamaha, na uji, na mayai. Aliwapokea vizuri, hakuwa na kinyongo na mtu. Lakini kila aliyekuja, mke wangu alikuwa akisema naye uso ameuinamisha, kama mtu anayetafuta kitu chini.

Nje, mikebe ilikuwa inaoka. Bati kwenye jua la Nairobi ni jiko, na wiki hiyo kifuniko cha sufuria hakikugongwa siku nne. Dalia zilikwenda kwanza. Yale meupe yakageuka kahawia pembezoni, yakalala. Sikuwa na vyungu maelfu vya kutia badala yake. Madamu alikuwa ameondoka, na nyumba yake ina watu wengine na mbwa. Nikang'oa mikebe yote, uwanja ukabaki na mashimo arobaini, na watu wakawa wanaruka ruka kupita.

Alikufa Alhamisi ya wiki ya pili, mchana, mimi nikiwa nimekwenda kutafuta kazi. Viti vilikuja tena. Vilikuwa vile vile.

Tulikuwa tunamsafirisha kwetu, na kwenye sanduku watu wa kwetu wanataka picha, iwekwe mbele, ipigiwe magoti. Nikaenda studio. Kijana akanitolea ile moja. Maua yametoka safi, kila jani, hata tone la maji. Kiti kimetoka. Gauni limetoka mpaka mabegani. Na juu ya mabega pana moshi. Mtu akitingishika kamera inafanya hivyo, alinieleza, na alisema pole kwa namna ya kweli.

Kisha akasema, "Lakini mzee, inawezekana. Ana ndugu anayefanana naye? Nampiga uso peke yake, nakata, nabandika hapa, napitisha rangi kwenye shingo, napiga picha upya. Hata wewe hutajua."

Nilikumbuka jambo ambalo Madamu aliniambia juu ya yule mfalme wa kisigino. Hakuwa na nafasi ya kukaa mbele ya mchoraji siku nyingi, basi mchoraji alichora uso wake peke yake kwenye kipande kidogo, na baadaye akakibandika kwenye picha kubwa, juu ya mwili uliochorwa bila yeye. Kama mfalme alifanyiwa, nikaona si dhambi. Tena gari la kusafirisha lilikuwa limekwisha patikana, watu wamesimama barabarani. Nikasema sawa.

Mdogo wake akakaa studio, kitambaa kimefungwa kwa nyuma, macho yamevimba kwa kulia. Kijana alimwambia atabasamu kidogo. Alijaribu.

Kule nyumbani watu walipita mbele ya sanduku, wakatazama picha, wakasema yeye huyo. Mama yangu mwenyewe alisema yeye huyo. Binti mkubwa aliinuliwa aone. Nilisubiri mtu mmoja aseme hapana. Ningemkumbatia. Mama mkwe wangu aliitazama muda mrefu kuliko wote, kisha akamtazama binti yake aliyebaki. Mpaka anakufa hakunitajia.

Yule mdogo wake alikaa na watoto, na wazee wakaona ni vizuri abaki kwangu, na mimi nikaona hivyo. Ni mama mzuri. Tumeishi naye mpaka leo, huu ni mwaka wa arobaini na zaidi. Sina neno baya juu yake, na anayesoma asilitafute.

Lakini ninapojaribu kumkumbuka wa kwanza, anakuja na uso huu. Nikiwa namkanda miguu, aliyeniuliza habari za malkia ni huyu. Anayecheka mpaka akohoe ni huyu. Miguu naikumbuka, mikono yake ya kuchambua buni naikumbuka, kila kidole, sauti wakati mwingine. Juu ya mabega pananipotea. Nimekaa siku nzima nimefumba macho nikiutafuta, kama alikuwa na mwanya, kama nyusi zilikutana. Niliwahi kumuuliza huyu niliye naye, yeye ni dada yake, angejua. Akafikiri, akasema, "Mzee, mimi pia naona ile picha tu."

Mwaka jana binti mdogo alikuja kutoka Komarock anakoishi na mume wake. Sasa amekuwa mkubwa kuliko mama yake alivyowahi kuwa. Akakaa mbele yangu, akaondoa kitambaa kichwani, akageuza uso kwenye mwanga wa mlango, akasema watu wa nyumbani wakubwa wakubwa wanasema amefanana na mama kabisa, ila yeye akijitazama kwenye kioo na kwenye picha haoni.

"Baba, wewe ulimjua," akasema. "Nimefanana naye?"

Nikamtazama. Nilitazama paji la uso, pua, mdomo, kidevu, moja moja, kama mtu aliyepotelewa na sarafu kwenye majani. Alikuwa ananingoja, na hakutingishika hata kidogo.

Nikasema ndiyo, mwanangu, umefanana naye sana. Akafurahi. Sijui kama nilisema kweli.